Somo yangu hakunifundisha ya miaka 60

BARUA

Asalaam aleikum. Watu wote wanakuita Shangazi ila mie nakuita mwanangu, maana nina miaka 61 na kwa unavyoandika nahisi nimekuzidi, usinione sina adabu. Hii meseji naiandika mwenyewe kidole kimoja kimoja, sikutaka mjukuu wangu aniandikie na ukisoma utajua kwanini.

Mie ni mtu wa Tanga, nimefundisha shule ya msingi miaka 33 nikastaafu. Baba watoto alifariki, nikakaa mjane miaka 8. Sikuwa na wazo la mwanamume tena, nilishasema hayo yamepita, nauza zangu bagia na kalmati asubuhi, jioni nasali nalala. Mwaka jana akatokea mzee mmoja, yeye ana 68, naye mkewe kafariki, akatuma watu kwa kaka yangu, wakazungumza, nkataka mahari msahafu na cherehani, tukaozeshwa nyumbani kimyakimya. Sasa tuna miezi 5.

Sitakuficha, nampenda. Akitoka alasiri ananiletea mkate wa ajemi, ananisomea gazeti maana miwani yangu imevunjika na sijanunua nyingine, kwa kweli sijanunua makusudi ili aendelee kunisomea.

Shida ni chumbani. Inauma. Inauma kama mtu anapitisha msasa. Mara ya kwanza nkasema ni kwa sababu ya kukaa muda mrefu, ya pili nkavumilia, saivi ikifika Alhamisi usiku moyo unanidunda kama mtoto anayesubiri bakora. Nikamwambia shoga yangu mmoja, yeye akasema mwili umelegea huo, ndio maana mzee hafurahii, tumia shabu. Nkatumia shabu, nkachanganya na maji ya ndimu, nkajifukiza na udi juu, wallahi ndio ikazidi, ikawa moto mpaka kukojoa napata tabu. Na mara mbili nimeona damu kwenye kanga, si nyingi, tone tu kama la mtu aliyejichoma sindano. Hedhi yangu ilikata nikiwa na 50, sasa hii damu inatoka wapi?

Na yeye ana yake. Ana sukari na presha, anahudhuria kliniki, usiku miguu inamfa ganzi namkanda. Chumbani mambo yanaanza vizuri halafu yanakata njiani, na mie nikishtuka kwa maumivu ndio yanakata kabisa. Basi hapo anageukia ukutani na mie nageukia mlangoni. Anadhani simtaki, mie nadhani hanitaki.

Sasa kuna kijana wa stendi kamuuzia vumbi la Kongo. Siku aliyotumia moyo ukamwenda mbio, kichwa kikamuuma, uso ukawaka, akainuka kwenda msalani akapepesuka akashika mlango. Na huyu mtu ana kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikimbana. Tena nimegundua siku ya Alhamisi hamezi kidonge cha presha, kaambiwa barazani na wazee wenzie kwamba vidonge vya presha vinaua nguvu.

Nilikwenda kituo kimoja cha afya, sikitaji. Nesi ana umri wa binti yangu wa mwisho, nilipomwambia naumia kwenye tendo la ndoa akacheka, akasema kwa sauti "bibi, bado tu?", wenzangu kwenye benchi wote wakasikia. Akaniandikia dawa za UTI bila hata kupima mkojo. Nilitoka pale nkapita njia ya nyuma nisionane na mtu.

Watoto siwezi kuwaambia. Mwanangu mkubwa toka niolewe haji kwangu, alisema nimewaaibisha. Na mzee juzi kwa hasira katamka labda aoe mtoto mdogo ijulikane tatizo ni la nani.

La mwisho ndilo linaloniamsha usiku. Hatukupima. Marehemu mkewe nasikia aliugua muda mrefu akakonda. Vijana wakitaka kuoana wanaambiwa leteni vipimo, sisi wazee tuliulizwa mahari tu. Namuulizaje mtu wa miaka 68 kitu kama hicho?

Nilipovunja ungo somo yangu alinifunda siku 7. Alinifundisha kuoga, kumkanda mume, shanga, kutunga asumini, maneno ya kusema na ya kunyamaza. Hakuniambia hata neno moja la miaka 60. Na yeye kafariki zamani, ndio nakuuliza wewe.

Mama wa Tanga

JIBU

Waaleikum salaam, na shikamoo mama. Umenizidi kweli, mimi nina 47, na kabla ya kuanza safu hii nilikuwa nesi mkunga miaka 19, kwahiyo naanza kwa kukuomba radhi kwa niaba ya yule binti aliyekucheka. Nimelisoma hilo neno "bibi, bado tu?" nikasikia aibu mwilini mwangu, kwa sababu nimewahi kukaa kwenye meza kama ile, na najua mafunzo yetu yalivyokuwa, tulifundishwa uzazi wa mpango, wajawazito, vijana balehe, lakini mtu wa miaka 60 tulifundishwa presha yake, sukari yake na macho yake basi. Dirisha la wazee lipo kwenye hospitali nyingi siku hizi na ni jambo jema sana, ila hakuna anayemuuliza mzee pale dirishani kwamba je chumbani vipi.

Na si kwetu tu. Marekani mwaka 2007 ulitoka utafiti waliohojiwa watu 3,005 wa miaka 57 mpaka 85. Kwenye kundi la miaka 65 hadi 74 zaidi ya nusu walikuwa bado wanashiriki tendo, asilimia 53, na hata wale wa 75 hadi 85 walikuwa asilimia 26. Lakini wanawake waliowahi kuzungumza haya na daktari tangu wafikishe 50 walikuwa 22 kwenye kila 100, na wanaume 38. Kwahiyo mama wewe si mtu wa ajabu hata kidogo, wewe ni mmoja wa wachache waliothubutu kufungua mdomo, na ukachekwa.

Sasa nitaanza na kile ambacho hukukipa uzito mkubwa kwenye barua yako, damu. Mwanamke aliyekata hedhi akishapita mwaka mzima bila kuona, damu yoyote inayotoka baada ya hapo ni ya kuangaliwa, iwe tone, iwe rangi ya chai kwenye chupi, iwe imetoka baada ya tendo au imetoka tu. Wewe ni miaka 11. Mara nyingi kabisa inakuwa ni ngozi ya ndani imekuwa nyembamba imechubuka, na kwa shabu na ndimu ulizotia sitashangaa ikiwa ni hivyo. Lakini damu hiyohiyo ndio dalili ya mwanzo ya saratani ya mlango wa kizazi au ya kizazi chenyewe, na kwa Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake, na ikikutwa mapema inatibika vizuri. Sisemi unayo. Nasema usingoje tone la tatu.

Usirudi kituo kile. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa Tanga ni Bombo, ukifika dirishani sema maneno haya tu, "nimekata hedhi miaka 11, naona damu, nataka kuonana na dokta wa kina mama." Hapo hutakuwa na haja ya kutaja tendo la ndoa mbele ya benchi, maana neno damu peke yake linatosha kukupeleka ndani, mengine utamwambia dokta mlango ukishafungwa. Ni haki yako kuomba daktari mwanamke, na ni haki yako kuomba mlango ufungwe. Watakuangalia kwa kifaa, na kwa umri wako waulize kuhusu kipimo cha kuchukua majimaji kwenye mlango wa kizazi pamoja na ultrasaundi, usiridhike na kile cha kupaka siki peke yake, kwa sababu mwanamke akishakata hedhi ile sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imerudi ndani na siki haiwezi kuionyesha vizuri. Kuanzia sasa hivi usitie kitu chochote huko, na mpaka upate majibu mpumzike kuingiliana. Kulala kwa kukumbatiana hakujakatazwa.

La pili nitakuomba ulifanye leoleo kabla hata ya hospitali. Lile vumbi litupwe. Mama usiogope kumkasirisha, hapa tunazungumzia uhai wa mumeo. Hizi dawa za unga zinazouzwa kama mitishamba, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imetoa maonyo mengi mno ya dawa za aina hiyo baada ya kuzipima na kukuta ndani yake kuna sildenafili, yaani dawa ileile iliyo kwenye Viagra, imetiwa kimyakimya bila kipimo, pakiti hii kidogo, pakiti ile nyingi. Na dalili ulizoziona, uso kuwaka, kichwa kuuma, kupepesuka akisimama, ndizo zenyewe za dawa hiyo, yeyote aliyekaa famasi atakwambia. Dawa hiyo hapo mwanzo kabisa ilikuwa inajaribiwa kutibu kifua kinachobana, ikaonekana inafanya kazi nyingine, ikaruhusiwa mwaka 1998. Inafungua mishipa ya damu. Na kile kidonge chake cha chini ya ulimi nacho kinafungua mishipa ya damu, majina yake huwa na nitro au isosorbide, soma kwenye karatasi. Ukivikutanisha viwili hivyo kwenye mwili mmoja presha inaporomoka ghafla mpaka moyo na ubongo vinakosa damu, mtu anaweza kufa hapohapo chumbani. Kwahiyo kama siku yoyote ametumia vumbi halafu kifua kikabana, USIMPE kidonge cha chini ya ulimi, mkimbize hospitali na uwaambie wazi ametumia nini na saa ngapi. Aibu isikuzuie kusema hilo, nimeona familia zikificha mpaka mgonjwa akapitiliza.

Halafu hilo la kuruka kidonge cha presha Alhamisi. Wazee wa barazani hawajakosea kila kitu, zipo baadhi ya dawa za presha, hasa za zamani, ambazo kweli zinaweza kupunguza nguvu. Lakini dawa yake ni kumwambia daktari abadilishe, zipo nyingi tu zisizo na tabia hiyo. Kuzikata ghafla, tena usiku ule ule ambao moyo utafanya kazi zaidi, tena juu ya vumbi, hapo amejiwekea mitego mitatu kwa usiku mmoja. Tena presha isiyotulizwa yenyewe ndio inaharibu ile mishipa midogo inayopeleka damu kwenye uume, kwahiyo anayekimbia kidonge anakimbilia kilekile anachokiogopa.

Na hapa nataka nikuonyeshe kitu mama, umekiandika mwenyewe bila kukijua. Umesema miguu inamfa ganzi usiku na unamkanda. Ile sukari inayoitia ganzi miguu yake ndiyo hiyohiyo inayoharibu mishipa ya fahamu na ya damu kule. Ni ugonjwa mmoja unajitokeza sehemu mbili. Haina uhusiano na wewe kulegea, wala kukupenda au kutokukupenda, mwanaume mwenye sukari ya miaka mingi anaweza kumtamani mkewe vizuri kabisa na mwili ukakataa. Sasa hilo la kuoa mtoto mdogo ijulikane tatizo ni la nani, sukari haitamuogopa huyo mtoto, atakachopata ni mtu mwingine wa kumdhihirishia na ataongeza vumbi. Naamini yeye mwenyewe anajua, ni maneno ya mtu aliyeogopa. Akiishusha sukari yake, kama anavuta sigara akaacha, akatembea kila siku hata nusu saa, kuna kinachorudi, na akimweleza ukweli daktari wake wa kliniki atampima moyo kwanza. Kama kidonge cha chini ya ulimi bado anakihitaji basi vidonge vya aina ya Viagra ni marufuku kwake, hata vile halali vya famasi, ila zipo njia nyingine zisizogusa moyo, mfano pampu ya kuvuta damu iingie kwenye uume. Daktari asiyemjua moyo wake asimuandikie kitu.

Turudi kwako sasa, huo msasa.

Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inashuka sana. Hiyo ndiyo ilikuwa inaifanya ngozi ya ukeni iwe nene, laini, yenye kuvutika na yenye maji yake. Ikishuka ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia halua, inakauka, inachubuka haraka, na hata njia ya mkojo iliyo jirani inaathirika ndio maana ukikojoa unasikia moto, na ndio maana wanawake wa umri huu wanaambiwa UTI UTI kila siku wakati mara nyingine ni ukavu tu. Haikutokea kwa sababu ulikaa mjane miaka 8, na hujarogwa wala hujafungwa. Inawapata wanawake wengi mno, wanavumilia, wanajifanya wamelala.

Shoga yako amekupa ushauri kwa nia njema lakini amekupa sumu. Shabu kazi yake ni kukausha na kukaza, muulize yeyote anayeitumia baada ya kunyoa ndevu. Wewe shida yako ni ukavu halafu unatia kitu cha kukausha, na ndimu juu yake ni tindikali kwenye kidonda. Acha vyote, shabu, ndimu, sabuni ya manukato, na kufukiza huko. Udi fukiza nguo, fukiza shuka na chumba kizima kama mlivyozoea huko kwetu pwani, ni jambo zuri, ila huko chini maji ya kawaida yanatosha, tena nje tu.

Kinachosaidia ni kilainishi cha maji, muulize mfamasia, na najua neno vilainishi limechafuka hapa kwetu tangu mwaka 2016 serikali ilipopiga marufuku vile vilivyokuwa vinagawiwa na mashirika, watu wakaona ni vitu vya watu fulani, lakini kwa mwanamke aliyekata hedhi hiyo ni dawa kama dawa nyingine. Ukikosa kabisa, mafuta ya nazi masafi yasiyo na manukato, ya kukamua nyumbani, kidogo tu, yanasaidia. Ila shika hapa, mafuta ya aina yoyote yanaharibu kondomu, inapasuka, kwahiyo kama mnatumia kondomu ni kile cha maji peke yake. Vaselini usitie ndani. Na ukishachunguzwa damu ikaonekana haina tatizo, muulize dokta kuhusu krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Ni dozi ndogo, inafanya kazi palepale, inachukua wiki kadhaa mpaka ngozi irudi kuwa nene, usikate tamaa wiki ya kwanza. Mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya titi lazima amweleze dokta kabla ya kuitumia. Na upime sukari na wewe mama, sukari inaleta fangasi na fangasi zinawasha na kuchoma vilevile.

La kupima Ukimwi. Nakuelewa kwanini linakuamsha. Tafiti kubwa za kitaifa za miaka ile, ya 2003-04, ya 2007-08 na ya 2011-12, zote zilichukua damu za watu wa miaka 15 mpaka 49. Yaani kwa miaka yote hiyo mtu aliyefika 50 hakuhesabiwa, kama vile akifikisha 50 virusi vinamwamkia shikamoo na kupita. Ndio maana hata wanaoozesha hawakumbuki kuwauliza nyie. Na mzee akikonda au akikohoa watu wanasema ni uzee, anakuja kupimwa hali imeshakuwa mbaya. Tena ngozi ikiwa nyembamba yenye michubuko kama yako, virusi vinaweza kupita kirahisi zaidi. Kwahiyo hofu yako ina msingi. Lakini kukonda kwa marehemu hakuthibitishi kitu, sukari inakondesha, saratani inakondesha, kifua kikuu kinakondesha, usimhukumu mtu aliye kaburini.

Namna ya kumwambia. Usianze na marehemu mkewe, ukianza na yeye umemshitaki. Anza na wewe mwenyewe, mwambie "mume wangu, mie naenda hospitali kuangaliwa mwili wangu wote kwa sababu nataka tuishi, nakuomba twende pamoja na wewe uangaliwe." Mkiwa kule mnapima wote, sukari, presha, Ukimwi, kaswende, homa ya ini, tezi dume yake pia maana umri wake ndio wenyewe, na mnakaa wote kupokea majibu. Akiona aibu kuonekana kwenye chumba cha kupimia, sheria ilibadilishwa mwaka 2019 na kujipima mwenyewe kunaruhusiwa, kuna kile kijiti cha kupitisha kwenye fizi, anajipima nyumbani kwa faragha. Kikionyesha ana virusi bado sio jibu la mwisho, lazima kurudia hospitali. Na kama kuna aliyepata hatari ndani ya miezi 3 iliyopita, mrudie tena baada ya hiyo miezi 3, kwa sababu kipimo kinaweza kuwa hakijaona. Na ikitokea mmoja anavyo ndoa haifi mama. Anayemeza dawa vizuri virusi vikafubaa mpaka havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzie kwa tendo la ndoa, hiyo imethibitishwa, na wakati mnasubiri kufika huko ipo kondomu na zipo dawa za kumkinga yule asiyenavyo.

Umeniambia somo yako hakukufundisha ya miaka 60. Mimi naona alikufundisha zaidi ya unavyodhani, kukanda, kuoga, asumini, maneno. Hivyo vyote havihitaji estrojeni wala mishipa mizima. Hamjalazimika kufika mwisho kila mara, na hapo ndipo naona mmejibana, Alhamisi imekuwa siku ya mtihani, wewe unaogopa kuumia yeye anaogopa kufeli, nani atafaulu kwa hali hiyo? Ivunjeni hiyo Alhamisi. Jaribuni asubuhi baada ya swala, yeye mwili umepumzika na homoni za mwanaume asubuhi huwa juu, wewe umeoga maji ya moto viungo vimelegea. Laleni ubavu magoti yasiwatese. Chukueni muda mrefu, mrefu kabisa, mwili wa 61 unaamka polepole kuliko wa 21. Na siku ukisikia maumivu usivumilie kimyakimya mpaka ushtuke, mwambie "hapo taratibu," akijua ni maumivu hatadhani ni kumkataa. Naona hilo peke yake litamgeuza kutoka ukutani.

Mwanao mkubwa mwachie muda. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imesema wazi mjane yuko huru kuolewa na mwanaume anayemtaka mwenyewe, mila isemeje, kwahiyo huna ulilovunja, si kwa dini wala kwa serikali. Wala huna wajibu wa kumweleza ya chumbani kwako, kama ambavyo yeye hakuelezi ya kwake.

Kwahiyo leo ni vumbi. Kesho asubuhi kabla hujakaanga bagia ni Bombo, na ile kanga yenye alama kama hujaifua ifunge kwenye mfuko uende nayo, daktari akiona rangi ya damu inamsaidia. Ukipata majibu niandikie hata mstari mmoja, nitakuwa naangalia simu. Na mzee mfikishie shikamoo yangu. Hizo miwani usizinunue bado.

Shangazi